Majina Chini ya Barua ya Tumbaku

Mlipokuja siku ile, vijana, mliniuliza nilianza lini harakati. Nikawatazama. Nikadhani mmekosea nyumba, maana katika maisha yangu sijawahi kufanya kitu chenye jina hilo. Mimi nilikuwa mpiga taipu wa kibarazani. Watu walikuja na shida zao, nikaziweka kwenye karatasi, wakazipeleka bomani. Lakini kwa kuwa mlikuja kwa heshima na mkaniletea sukari, na kwa kuwa kazi yenu ya kuwasaidia watu kudai haki ndiyo ileile ya kwangu, tofauti ni kwamba nyinyi mna viti vinavyozunguka, nimekaa nikaandika haya. Mengi ni ya kucheka. Moja si la kucheka, na ndilo lililonifanya nikubali kuandika.

Kibaraza chetu kilikuwa cha duka la fundi cherehani, hapa Tabora mjini, kati ya soko na boma. Ukitoka sokoni na hasira zako unatupitia sisi kabla hujafika kwa wakubwa, na hiyo ilikuwa biashara nzuri. Nasema sisi kwa sababu tulikuwa wawili. Mwenye kibaraza kwa ukongwe alikuwa Mzee Feruzi, mtu wa mtaa wa Ng'ambo, Mwislamu wa mji, babu yake aliletwa na misafara kutoka Manyema akabaki hapa akawa mwenyeji kuliko wenyeji. Yeye aliandika kwa kalamu ya kuchovya tangu enzi za Mwingereza. Mimi nilikuwa binti wa Kinyamwezi, Mkatoliki, nimefundishwa mashine na masista, na nilipopata mashine yangu ya mkono wa pili nilijiona nimeshika usukani wa treni. Jina langu ni Veronika Kalunde, lakini mji mzima uliniita Mama Taipu hata kabla sijawa mama.

Mzee Feruzi hakunichukia. Alinitazama siku tatu nikigonga, siku ya nne akasema, "Binti, mashine yako ina sauti nzuri. Sasa jifunze kunyamaza."

Hilo ndilo somo la kwanza, na nyinyi mnalihitaji kuliko mimi wakati ule, maana niliwaona mlivyokuwa mkinikatiza. Mtu akikaa mbele yako na shida, mwache aongee mpaka aishe. Atakuanzia mbali, kwa ng'ombe wa baba yake aliyekufa, kwa mvua ya mwaka juzi. Usimwambie aende kwenye jambo lenyewe. Mzee Feruzi alikuwa akichonga kijiti cha meno wakati mteja anaongea, na kijiti kikiisha ndipo anauliza swali moja tu: "Unataka wafanye nini?" Mngeshangaa ni wangapi walikuwa hawajui.

Kulikuwa na fundi baiskeli aliyefukuzwa na mgambo mahali pake pa kazi pale sokoni. Alikuja anataka barua yenye tusi. Mimi nilikataa. Mzee Feruzi akamwita upande wake, akachukua karatasi chakavu, akaandika lile tusi lote kama lilivyotamkwa, neno kwa neno, kwa mwandiko ule wake wa kupendeza, kisha akamsomea kwa sauti.

"Umeshiba?" akamwuliza.

"Nimeshiba, mzee."

Akaichana karatasi. "Haya. Sasa tuandike barua."

Na mimi nina zangu za aibu. Nyinyi hamjui karatasi ya kaboni. Inawekwa katikati ya karatasi mbili ili ukigonga mara moja upate barua na nakala yake. Ukiiweka kinyume, nakala inajichapa mgongoni mwa barua yenyewe, herufi zimegeuka. Niliwahi kupeleka hivyo barua ya mzazi mmoja kwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akajibu kwa adabu kabisa kwamba ameusoma ukurasa wa kwanza, lakini wa pili anaomba afasiriwe kwa kuwa hajui Kiarabu. Mzee Feruzi, ambaye Kiarabu alikisoma, alicheka mpaka akavua kofia.

Sasa nije kwenye lile moja.

Ilikuwa ni wakati wa operesheni ya vijiji. Mmesoma shuleni kuhusu vijiji vya ujamaa, sina haja ya kuwafundisha. Nitasema tu kwamba palikuwa na watu waliohamia kwa furaha, na waliohamia kwa kuambiwa, na waliohamia wakiwa wamekaa juu ya godoro lao kwenye lori. Na mimi niliiamini siasa ile, sioni haya kusema hivyo. Nilikuwa na kadi ya chama na kanga yenye mwenge. Nilidhani kama kuna kosa huko chini, wa juu hawajaambiwa vizuri, na kuwaambia vizuri ndiyo kazi yangu.

Asubuhi moja wakaja watu wa kijiji cha Itundwe, ambacho leo msikitafute, hakipo. Walikuwa kumi na wawili, wanaume na wanawake, miguu imejaa vumbi la siku nzima ya njia. Walikuwa wakulima wa tumbaku. Aliyewaongoza kuingia kibarazani hakuwa mkubwa wao, alikuwa mama mmoja mfupi mwenye sauti nyembamba, Bibi Nyamizi. Mumewe, Mzee Maganga, alikaa nyuma kabisa ukutani, ananyamaza.

"Mwangaluka, mama," akanisalimu.

"Mwangaluka," nikamjibu, na yeye akaendelea Kinyamwezi, mimi nikaandika Kiswahili.

Shida yao ilikuwa nyepesi kueleza. Walikuwa wameambiwa wahamie kwenye kijiji kipya wiki ileile. Hawakukataa. Lakini majani ya tumbaku yalikuwa ndani ya mabani, zile nyumba za udongo za kukaushia, na moto ulikuwa unawaka chini yake. Anayejua tumbaku anajua kwamba moto wa bani hauachwi. Ukiuacha katikati, majani yanaoza, na kazi ya mwaka mzima inakuwa mbolea. Walichotaka ni kungoja mpaka wamalize kukausha. Basi. Hawakuuliza siasa, hawakuuliza ardhi.

"Wiki ngapi?" Mzee Feruzi akauliza kutoka upande wake.

"Tano," akasema Bibi Nyamizi. "Tukikosa hizo, nne zinatosha, tutalala hukohuko mabanini."

Mzee Feruzi akaitikia kwa kichwa. Ombi moja, lenye mwisho wake. Alikuwa akisema barua yenye maombi matatu hujibiwa lile dogo.

Niliandika barua nzuri. Nasema mwenyewe kwa sababu wote walioweza kuisifia wamekwisha kufa. Ilikuwa ukurasa mmoja, haina hata neno moja la hasira, inataja mabani na moto na wiki, na inamalizia kwa kuahidi kuhama siku ileile jani la mwisho litakapotoka. Nikawasomea. Wakaridhika. Ikabaki sehemu ya majina.

Hapa ndipo mnisikilize. Mzee Feruzi alikuwa na namna yake ya kuweka majina ya watu wengi. Aliacha nusu ya karatasi tupu chini, akawaambia kila mtu aweke jina au dole gumba lake popote anapotaka. Karatasi ikitoka hapo imetapakaa, majina mengine yamelala, mengine yamesimama, kama maharage yaliyomwagwa kwenye ungo. Mimi iliniudhi. Niliona ni uchafu wa watu wa zamani. Mashine yangu ilikuwa na kitufe cha kupanga safu, safu inanyooka kama reli, na nilikuwa nimejifunza kukitumia kwa tabu. Kwa hiyo nikapanga majina kwa namba, moja mpaka kumi na mbili, na mbele ya kila jina mstari wa kuwekea dole.

Nianze na nani? Sikufikiri hata kidogo. Nilianza na mkubwa kwa umri, kama mtoto yeyote aliyelelewa vizuri anavyoanza kutoa shikamoo akiingia kwenye nyumba ya watu. Nikauliza nani amewazidi wote kwa miaka. Wakamwonyesha yule aliyekaa ukutani. Nikaandika: 1. Maganga.

Mzee Feruzi aliona. Alikuwa na mteja wake, akanyoosha shingo, akaitazama karatasi, akasema, "Veronika, majina yamepangwa."

"Ndiyo, babu. Yamependeza."

Akanyamaza. Baadaye nilimlaumu kwa kunyamaza kule, akaniambia alidhani nimekwisha kujua ninachofanya, kwa kuwa nilisema kwa uhakika sana. Kijana anayesema kwa uhakika huwanyamazisha wazee wengi wenye adabu. Mlishike hilo.

Barua ikaenda bomani. Ilimfikia mkubwa mmoja ambaye sitamtaja jina wala cheo, na hapo alipo yeye pia ni marehemu. Hakuwa mtu mbaya sana. Alikuwa na malori yaliyopangwa na siku zilizopangwa, na juu yake palikuwa na mtu mwingine anayemhesabia vijiji. Aliitazama ile karatasi, wakanisimulia waliokuwapo, hakuuliza habari za tumbaku. Aliuliza, "Nani huyu namba moja?"

Siku mbili baadaye Mzee Maganga alichukuliwa kutoka mabanini, mikono ina lami ya majani, akawekwa mahabusu hapa mjini. Akaitwa kinara wa wapinzani wa operesheni. Mtu ambaye siku ile kibarazani hakusema hata neno moja, ila kuniomba maji.

Bibi Nyamizi ndiye aliyekuja kuniambia. Hakunilaumu, maana hakujua. Aliniambia tu wamemchukua mume wake na wanasema ni namba moja, na akaniuliza namba moja maana yake nini huko bomani. Mimi nilikuwa nimekaa mbele ya mashine. Niliona aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka nahisi joto shingoni. Sikumweleza. Nilisema tutaandika barua nyingine.

Tukaandika. Tuliandika kwa polisi, tukaambiwa mtu si wa kwao, wao wanatunza tu. Tuliandika bomani, tukajibiwa kwamba jambo linashughulikiwa. Tuliandika kwa chama, tukajibiwa kwamba jambo ni la boma. Tuliandika kwa hakimu, naye akatuita faraghani, mtu mzima mwenye huruma, akasema hajaletewa kesi yoyote yenye jina hilo, na bila kesi yeye hana mlango wa kuingilia. Ndivyo ilivyokuwa. Mzee Maganga hakuwa na shitaka. Angekuwa na shitaka tungelijibu. Unajibuje kitu ambacho hakijasemwa?

Bibi Nyamizi alipanga chumba Ng'ambo kwa ndugu wa Mzee Feruzi, na kila asubuhi alimpelekea mumewe uji mahabusu, kisha anakuja kukaa kwenye benchi letu. Hakuwa na la kufanya pale. Alikaa tu, mikono magotini, akinitazama ninavyogonga shida za wengine. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Malori yalikuwa yamekwenda Itundwe siku nyingi. Moto wa mabani ulizimwa, majani yakaoza kama walivyosema yataoza. Habari hiyo tulimficha mzee, lakini akaijua, maana mtu wa tumbaku anahesabu siku.

Wiki ya nne nilimweleza Bibi Nyamizi ukweli. Nilimwambia ni mimi niliyempanga wa kwanza, na kwa sababu gani.

"Kwa hiyo ulikuwa unamheshimu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Wao hawakuelewa hivyo."

Hakusema zaidi. Kesho yake alikuja kukaa benchini kama kawaida, na mimi nilishukuru kuliko kama angenisamehe kwa maneno.

Basi kukatokea msiba. Nyumbani kwa yule mkubwa alikuwapo shangazi yake, bibi mzee aliyemlea tangu akiwa mdogo huko Uzaramo. Alikuja Tabora kumwona mwanawe, akaugua, akafariki. Mji ulikwenda kuzika kama mji unavyokwenda. Mzee Feruzi alikuwa anafunga kalamu zake aende, mara akasimama akanigeukia.

"Mkubwa yule ni Mzaramo," akasema.

"Najua, babu."

"Na wewe ni Mnyamwezi. Na mama huyu ni Mnyamwezi."

Nyinyi wa leo utani mnaujua kwa mzaha wa mpira. Sisi tuliujua kwa sheria zake. Babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe na mizigo mpaka pwani, na njia yao ilipita Uzaramo. Huko walipigana, wakapatana, wakalishana na wakazikana. Tangu hapo Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Anaweza kumtukana maiti mbele ya wafiwa. Anaweza kulala ndani ya kaburi akakataa kutoka. Anaweza kuzuia msiba wote usiende mpaka apewe kitu, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Akikasirika ndipo amekosa adabu.

Miaka yote mkubwa yule alipokuwa bomani hakuna Mnyamwezi aliyethubutu kumtania. Cheo kilikuwa kimeufunika utani. Lakini msibani cheo kinavuliwa mlangoni pamoja na viatu.

"Utani una mipaka yake," Mzee Feruzi akasema. "Msiitaje siasa. Msiitaje operesheni. Ombeni mtu, kama watani wanavyoomba jogoo."

Tulikwenda wanawake sita, Wanyamwezi watupu, Wakatoliki na Waislamu na Mmoraviani mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli ya mumewe tukamkamata. Tulijipaka majivu usoni. Bibi Nyamizi alivaa gunia. Tukaingia kwa kelele, tukafanya yote yanayofanywa. Nililia kwa sauti kwamba marehemu ametumalizia karanga za mkoa mzima na sasa anakimbia deni. Mmoraviani akachukua sufuria ya wali jikoni akaiketia. Wafiwa walicheka huku wanafuta machozi, maana hiyo ndiyo dawa yenyewe ya utani, kumcheka mtu uliyempenda kabla udongo haujamfunika. Mkubwa mwenyewe alitoka uani, kofia ya kitambaa kichwani, macho mekundu, akatuona, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akatabasamu.

"Wapagazi nyie," akasema, "mmekuja kubeba au mmekuja kula?"

"Tumekuja kula kwanza," nikamjibu.

Maiti ikaoshwa, ikavikwa sanda, ikawekwa kwenye jeneza. Wanaume wakaja kulichukua. Ndipo Bibi Nyamizi akaenda kukaa kwenye kizingiti cha mlango, miguu huku na mgongo kule, na mchi wa kinu magotini. Jeneza likasimama.

Mkubwa akatoa noti, kama desturi. Bibi Nyamizi akaitazama, akaiweka chini. Akatoa nyingine, ikawekwa chini juu ya ile. Watu wakaanza kucheka wakisema wapagazi wa mwaka huu wamepanda bei.

"Mnataka nini, watani?" akauliza.

"Una mtu wetu," akasema Bibi Nyamizi kwa ile sauti yake nyembamba. "Sisi tuna wa kwako. Tubadilishane."

Kicheko kikakatika. Mkubwa alijua mara moja. Nilimwona usoni, na sitasahau, maana alitaka kukasirika na hakuweza, akiwa ameshika mguu wa jeneza la mtu aliyemlea. Mimi nilikuwa naogopa. Nilijua kabisa kwamba kama angetaka, jioni ile tungelala mahabusu, wanawake sita na Mzee Maganga wa saba.

"Atatoka kesho," akasema polepole.

"Hata shangazi yako anaweza kutoka kesho," akasema Bibi Nyamizi.

Kuna mtu alicheka nyuma, kicheko cha kukosa pumzi, kisha mwingine. Sheikh aliyekuwa anangoja kusalisha akainamisha kichwa chini, sijui kwa dua au kwa kujizuia. Mkubwa akavuta pumzi. Akaomba karatasi. Mzee Feruzi, kwa bahati ambayo haikuwa bahati, alikuwa na karatasi na kalamu mfukoni. Mkubwa akaandika mistari miwili juu ya mfuniko wa jeneza, akampa tarishi, tarishi akapanda baiskeli.

Tulingoja. Wali ulipoa chini ya Mmoraviani. Kisha Mzee Maganga akaja kwa miguu nyuma ya ile baiskeli, amekonda, ndevu zimemjaa, anatazama watu wote wale asielewe. Bibi Nyamizi akanyanyuka kwenye kizingiti. Hawakusalimiana hata. Alimwelekeza kwa kidole kwenye jeneza, na yule mzee, mtu wa utani kama sisi, akaenda akaingiza bega lake chini ya mguu wa mbele. Wakatoka. Upande wa kulia alikuwa mkubwa wa boma, upande wa kushoto kinara wa wapinzani wa operesheni, wanapokezana njia nzima mpaka makaburini.

Nikiwasimulia watu hadithi hii huwa naishia hapo, na wanapiga makofi. Wengine wamewahi kunialika kwenye semina niisimulie. Mnaipenda kwa sababu ni tamu, na mimi naipenda kwa sababu mle ndani nina akili. Lakini nyinyi mnaifanya kazi yenyewe, kwa hiyo nawamalizia.

Baada ya siku tatu Mzee Maganga alikuja kibarazani peke yake. Alikuwa amenyoa. Nilisimama, nikampa shikamoo, nikamwomba radhi kwa ile namba. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maneno mengi. Akaitikia marahaba, akasema mke wake ameshamweleza, na kwamba yeye kweli ni mkubwa wao, sikuandika uongo. Kisha akakaa kwenye kiti cha mteja.

"Nataka barua," akasema.

"Ya tumbaku, baba?"

"Tumbaku imeoza."

Nikangoja. Safari hii nilinyamaza vizuri. Mzee Feruzi upande wake alitoa kijiti akaanza kukichonga.

"Mmefanya kazi kubwa," akasema Mzee Maganga. "Nashukuru, na nitawashukuru mpaka nife. Lakini nilipokuwa nimebeba lile jeneza nilikuwa najiuliza jambo, na sijaweza kuliacha. Yule bibi sikumjua. Nasikia aliumwa siku kumi. Siku hizo kumi mke wangu alikuwa akiniletea uji, na kumbe mimi nilikuwa nangoja afe, nami sijui. Sasa kama angepona?"

Mzee Feruzi aliacha kuchonga.

"Kama angepona," akasema tena, "mimi ningekaa mle mpaka lini? Hilo ndilo nataka waniandikie. Sitaki fidia, sitaki kuombwa radhi. Waniambie mtu anaweza kuwekwa siku ngapi bila kuambiwa kosa. Wakisema siku mia, waandike siku mia, nitajua. Mtu mwingine naye atajua."

Nilitia karatasi kwenye mashine. Niliandika alivyosema, sikuongeza wala sikupamba. Ilikuwa mistari sita, barua fupi kuliko zote nilizowahi kuandika. Nilimpa Mzee Feruzi aipitie, kwa kuwa kila barua yangu alikuwa akiiona na kunionyesha mahali pa kupunguza. Aliisoma mara mbili akanirudishia.

Barua ile haikujibiwa. Nawaambia mapema msije mkangoja. Watu wa Itundwe walitawanyika, mkubwa alihamishwa mkoa mwingine, mimi nikaendelea na kibaraza mpaka mashine za taipu zikaisha duniani. Nimeandika barua nyingi baada ya hiyo, na kadhaa zilifanikiwa kwa ujanja wa namna hii au ile: kwa utani, kwa ujirani, kwa mke wa ofisa kuwa amesoma na dada yangu. Sikuwahi kukataa ujanja. Mtu akiwa ndani unamtoa kwa mlango uliopo. Lakini kila aliyetoka hivyo alitoka peke yake, na yule aliyekuwa kando yake mle ndani, asiye na mtani wala ndugu, alibaki.

Siku ile nilimwuliza Mzee Maganga kama tutafute wenzake watie majina pia. Akafikiri, akasema wako mbali na wamechoka, na hata hivyo swali ni lake. Nikamsogezea kidau cha wino. Akakandamiza dole gumba chini ya mistari ile sita, akaniomba nimsomee mara moja zaidi. Nikamsomea.

Kisha akaniuliza wino huchukua muda gani kukauka, kwa sababu alitaka kuipeleka bomani mwenyewe, kwa mkono wake, kabla hawajafunga.